Hadubini Nyuma ya Mashine ya Fotokopi

Kila asubuhi, kabla hajasalimiana na mtu, Fundi huivua hadubini yake foronya. Huikunja foronya mara nne na kuiweka mapajani, kisha huchukua kipulizio cha mpira kilicho na umbo la limau na kupuliza mara tatu: kwenye jicho la kulia la mashine, kwenye jicho la kushoto, na kwa chini, kwenye kioo kinachotazama kazi. Halafu huweka mezani kipande cha bodi ya simu iliyokufa zamani, hufumba jicho moja akatazama, hufumba la pili akatazama, mwisho hutazama kwa yote mawili na kungoja miduara miwili iungane iwe mmoja. Ikiungana husema, "Haya." Hapo ndipo huanza kusalimia.

Majirani wa korido ile walishamzoea. Mshonaji wa chumba cha mkabala, mwanamke mnene aliyekuwa na futi shingoni saa zote, ndiye aliyewaonya wateja wageni.

"Ngojeni aseme haya. Kabla ya hapo hata ukimwambia nyumba inaungua, atakwambia subiri."

Mtu mmoja tu alimsalimia kabla ya "Haya", tena kwa makusudi. Huyo alikuwa wifi yake, dada mkubwa wa marehemu mumewe, na ndiye aliyekuwa na chumba. Chumba kilikuwa kimoja, kimegawanywa kwa ubao wa plaiwudi usiofika darini. Upande wa mbele, penye mlango na mwanga, Wifi aliuza madaftari, kalamu na bahasha, na alikuwa na mashine ya fotokopi kubwa kama jokofu lililolazwa. Upande wa nyuma, pasipo na hata tundu la kupitisha hewa, ndipo Fundi alipotengenezea simu. Mteja wa Fundi ilimbidi apite mbele ya Wifi, na Wifi alihakikisha hakuna anayepita mikono mitupu.

"Unakwenda kwa huyo wa nyuma? Sawa. Simu yako ina picha? Ziage kabisa."

Na kutoka nyuma ya ubao sauti ingejibu, "Mwambie na kalamu zako, wifi. Zinaandika mpaka mtu afike nyumbani, basi."

Damu zao hazikuwahi kupatana, lakini marehemu alipokuwa hai walau walikuwa wakigombana kwa adabu. Alipokufa, adabu nayo ikazikwa.

Tatizo la kukaa chumba kimoja na mashine ya fotokopi halikuwa kelele. Sakafu ya chumba kile ilikuwa ya mbao, na hadubini ni chombo kinachohisi kila kitu. Ukikuza picha mpaka chipu iliyo ndogo kuliko punje ya ulezi ionekane kubwa kama sinia, basi na mtikisiko mdogo nao unakuwa mkubwa. Kila Wifi alipotoa nakala, bodi iliyokuwa chini ya kioo ilicheza kama mchele kwenye ungo. Fundi alijifunza kufanya kazi katikati ya nakala na nakala. Mashine ikianza kuunguruma aliinua ncha ya kulehemu, akabana pumzi, akasubiri. Ikinyamaza alishusha mkono na kuendelea pale pale alipoachia.

Mwaka wa kwanza Wifi hakulijua hilo. Mwaka wa pili mteja mmoja, mtu mwema asiye na breki mdomoni, alimwambia, "Mama, mashine yako ikilia yule dada kule nyuma anaacha kazi kabisa. Anasema inamtikisa."

Siku ile ile Wifi alianza kutoa nakala za karatasi tupu.

"Wifi," Fundi aliuliza kupitia kwenye ubao baada ya nakala ya ishirini, "leo karatasi zina homa?"

"Naijaribu mashine yangu. Au na hilo niombe ruhusa?"

"Usiombe. Nilidhani labda unachapa akili zako, ndiyo maana zinatoka nyeupe."

Mshonaji alicheka mpaka akajichoma sindano, na Wifi akachapa nyingine arobaini.

Hadubini yenyewe ilikuja kwa mlango wa marehemu. Alikuwa fundi redio, mtu wa vichekesho na mikono mikubwa. Watu walipoacha kutengenezesha redio naye akageukia simu, na siku moja akarudi nyumbani amekumbatia katoni. Chuo kimoja cha ufundi kilikuwa kikisafisha stoo, naye akaibahatisha: mguu wa chuma mzito, kichwa cha rangi ya maziwa, na macho mawili yaliyoinama kidogo kama ya mtu anayesoma. Ukoo mzima ulisikia. Wifi alikwenda nyumba kwa nyumba akisema kaka yake amenunua mashine kama za hospitali.

Ambalo ukoo haukusikia ni kwamba kaka mwenyewe hakuweza kuitumia. Jicho lake la kushoto lilikuwa dhaifu tangu utotoni. Lilikuwa na kengeza kidogo iliyojificha alipocheka, naye alikuwa akicheka sana. Hadubini ya namna ile inataka macho mawili yafanye kazi pamoja. Kila jicho linatazama kwa upande wake, na kichwa kinaziunganisha picha mbili mpaka unaona kilichoinuka na kilichobonyea, unajua kama ncha imegusa au bado iko juu. Marehemu aliona picha bapa kama ya gazeti. Wiki ya kwanza aliunguza bodi mbili. Wiki ya tatu alimtazama mkewe, ambaye wakati huo alikuwa akiuza makava ya simu mbele ya kaunta, akasema, "Hebu kaa wewe."

Alikaa. Akazungusha, akatazama muda mrefu, hata mumewe akaingiwa na wasiwasi.

"Vipi?"

"Kuna mabonde humu," alisema.

Basi kuanzia siku ile mume alipokea simu, akapiga soga na wateja na kuwapigapiga begani, na mke akakaa nyuma ya pazia akitengeneza. Mume alimwomba jambo moja tu: "Kwetu wasijue." Akakubali. Kwa miaka saba sifa zilikuwa za mume, macho ya mke, na hilo halikumkera hata siku moja.

Kuitunza walijifunza kwa makosa. Kosa la kwanza lilikuwa kufuta kioo kikavu kwa pindo la shati; vumbi lililokuwepo likawa msasa, na mkwaruzo mwembamba kama unywele uko mpaka leo kwenye jicho la kulia. Tangu hapo ikawa kupuliza kwanza, kisha pamba yenye unyevunyevu kidogo, kuanzia katikati kwenda nje, bila kukandamiza. La pili lilikuwa kuifungia kabatini msimu wa mvua. Ukungu ulianza kuota ndani ya kioo kama mizizi, ikabidi wamtafute mzee wa kutengeneza kamera akifungue kioo na kuufuta. Baada ya hapo Fundi alianza kukusanya vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya viatu vipya, akavianika juani na kuvilaza chini ya foronya. Aliinua mashine kwa kushika shingo na kitako, kamwe si kichwa. Na yale magurudumu mawili ya pembeni aliyazungusha pamoja, kwa sababu ukilizungusha moja huku na la pili kule, unalegeza au unakaza usichokijua, na siku moja kichwa kitashuka chenyewe na kukanyaga kazi ya mtu.

Mengine aliyagundua mwenyewe. Kwenye pete ya jicho la kushoto alitia nukta ya rangi nyekundu ya kucha, ionyeshe mahali panapolingana na macho yake. Na kwa chini, kwa kuwa moshi wa kulehemu una mafuta na hugandia kioo, alifunga kifuniko: pete yenye plastiki angavu, ukubwa wa kizibo cha chupa ya jamu, inayozungushwa na kukaa mbele ya lenzi yenyewe. Moshi uliipiga plastiki, lenzi ikabaki salama. Ikichakaa aliitupa, akafunga mpya. Mtu asiyejua, akiinama na kutazama kwa chini, angeapa kwamba ile plastiki ndiyo lenzi.

Mume alikufa ghafla, kwa moyo, asubuhi moja akifunga kamba za viatu. Baada ya mazishi Wifi alimwambia mjane ahamishie kazi nyuma ya chumba chake "mpaka tuone". Miaka mitatu ikapita wakiwa bado hawajaona. Wakaona siku binti wa Wifi alipoolewa na kijana wa kufungua simu zilizojifunga na kuziwekea programu. Ukoo mzima ulimwita Mkwe. Kwa kompyuta na waya hakuwa mtu wa kubezwa, lakini bodi hakuwahi kuifungua zaidi ya kuiosha. Wifi alishaanza kumsogezea kiti.

"Kazi ya kaka yangu irudi kwenye mikono ya wanaume wa nyumba hii," alisema, kwa sauti ya kumfikia anayehusika. "Jumamosi tunakwenda kwa Mama, akate maneno. Mashine ni ya kaka, na kaka alikuwa wa Mama."

Fundi aliisikia Jumamosi hiyo ikija kama mtu anavyosikia mvua kwenye bati la jirani. Chumba angeweza kukiacha, vyumba viko. Hadubini ndiyo iliyokuwa mikono yake. Bila hiyo angerudi kuuza makava ya simu akiwa na umri wa miaka arobaini na mmoja, na binti yake bado yuko bweni.

Jumatatu ya wiki hiyo alivua foronya na kukuta imegeuzwa nje ndani.

Hakupuliza. Aliinama. Nukta nyekundu ilikuwa imehama karibu robo ya duara. Mtu mwingine, mwenye macho mengine, alikuwa amekaa kwenye kiti chake Jumapili. Akatazama kwa macho yote mawili, akaona ukungu mweupe, kama mtu aliyevaa miwani akafunua sufuria ya uji. Akawasha tochi ya simu na kuielekeza kwa chini, kwa mshazari. Kioo cha chini kilikuwa kimekuwa cheupe kama ziwa lililoganda, na juu yake michirizi ya pamba ikizunguka na kuzunguka. Kulikuwa na harufu ya thina.

Alielewa yote kabla hajashusha pumzi. Mafundi simu wote huosha bodi kwa thina. Ni maji yao ya kunawia. Mkwe alikuwa ameona kioo kina mafuta ya moshi, akakisafisha kwa kile anachosafishia kila kitu. Thina ikaila plastiki. Akafuta zaidi ili itakate, ikazidi kuwa nyeupe, akaingiwa na hofu, akafunika foronya bila kutazama upande.

Plastiki. Si lenzi. Vidole vya Fundi vilikuwa tayari vimeshika pete ili aifungue na kutupa uchafu ule, Wifi alipotokea kwenye pembe ya ubao, mikono kiunoni.

"Nasikia umeiua mashine ya kaka yangu."

Fundi aliiachia pete.

"Umesikia kwa nani, wifi? Ilikuwa imefunikwa tangu Jumamosi jioni. Mimi mwenyewe ndiyo kwanza naifunua."

"Nimesikia."

"Iliongea yenyewe?"

"Usinichezee. Mkwe alipita jana kuchukua waya wake, akaichungulia. Anasema lenzi imekwisha. Moshi wako wa miaka mitatu huo."

"Mkwe alipita kuchukua waya, akavua foronya, akakaa kwenye kiti changu, akazungusha pete yangu."

"Kiti chako? Nionyeshe risiti ya kiti." Wifi aliinama, akatazama kile cheupe cha chini kwa jicho la mtu anayehesabu makosa ya mwenzake. Kwa kitambo kidogo uso wake ulionyesha kwamba kweli kimemuuma. Kisha ukajifunga. "Miaka saba kaka yangu aliitumia, hakuiachia hata alama. Wewe mitatu tu. Jumamosi utamweleza Mama."

Alirudi mbele. Mashine ya fotokopi ikaanza kuunguruma.

Fundi alibaki amekaa, mikono mapajani juu ya foronya. Angeweza kusimama, akaifungua pete ile mbele ya Wifi na mbele ya wateja, akamwonyesha lenzi inang'aa chini yake, akamwambia maneno ambayo Mshonaji angeyasimulia mwaka mzima. Wifi angeaibika kwa siku moja. Halafu Jumamosi wangekwenda kwa Mama na hadubini nzima, na hadubini nzima ingekwenda kwa Mkwe.

Akaivisha foronya. Siku ile hakusema "Haya".

Wiki ile ilikuwa ndefu. Wateja wenye simu zilizokufa bodi aliwaambia mashine haifanyi kazi, na kwa hilo hakusema uongo, maana haikuwa ikifanya. Alibadilisha vioo vilivyopasuka na matundu ya chaji kwa kutumia lenzi ya mkononi, akiinama mpaka shingo ikamkakamaa. Wifi alipomsikia akimrudisha mteja, alimdaka mlangoni. "Si nilisema? Huyo wa nyuma kazi imemshinda. Njoo wiki ijayo, kutakuwa na fundi." Mkwe alipita mara mbili kupima meza yake mpya kwa futi aliyoazima kwa Mshonaji. Hakutazama upande wa foronya.

"Shikamoo, shangazi," alisema mara ya pili.

"Marahaba. Ulitumia pamba au kitambaa?"

"Nini?"

"Hakuna. Pima meza yako."

Jumatano Wifi alikwenda benki. Fundi alisubiri nyayo zake ziishe kwenye korido, akavua foronya na kuizungusha ile pete mizunguko mitatu. Ikatoka. Akamulika tochi kwa mshazari kwenye lenzi ya kweli, kwanza upande huu, kisha ule. Hapakuwa na hata tone lililopenya. Akatazama: mabonde, vilima, kila kitu mahali pake. Alikaa hapo kwa muda wa dakika nzima, kama mtu aliyeruhusiwa kumwona mgonjwa wake. Kisha akaizungusha pete ile chafu mpaka ikashika, akafunika, akarudi kwenye lenzi ya mkononi.

Alipotoka chumba cha mbele kutupa taka, Mshonaji alikuwa amesimama kizingitini mwake, mdomo umejaa pini.

"Umecheka peke yako," alisema kupitia kwenye pini.

"Nimekohoa."

"Haya. Dawa ya kikohozi hicho nami niletee."

Jumamosi alasiri walikaa sebuleni kwa Mama. Mama mkwe wake alikuwa amestaafu upishi wa shule. Alikuwa amepikia watoto mia sita kwa miaka ishirini na hamu ya kelele ilishamwisha. Alikaa kwenye kochi, miguu ndani ya beseni la maji ya chumvi, akawatazama mmoja mmoja: binti yake, mkwe wa binti yake, na mjane wa mwanawe.

"Semeni. Na mseme mkiwa mmekaa. Nina presha mimi."

Wifi alisema. Alisema vizuri, kwa mpangilio, kama mtu aliyechapa hotuba na kuitolea nakala. Kaka yake alivyoinunua ile mashine. Kaka yake alivyokuwa akiokoa simu zilizowashinda mafundi wote wa mji. Jicho la kaka yake, mkono wa kaka yake. Na sasa tazama.

Fundi aliyasikiliza yale ya jicho na kuuma ulimi. Sentensi moja ingetosha: jicho gani, wifi? Alikuwa nayo mdomoni, ina ladha. Lakini alikuwa ameahidi, na aliyeahidiwa hakuwepo wa kumwondolea ahadi. Akaimeza.

Mama alimgeukia Mkwe. "Wewe ndiye fundi. Inatengenezeka?"

Alimuuliza mkwe wa binti yake, si yeye. Fundi aliona hilo, na moyo uliokuwa ukimdunda tangu asubuhi ukatulia kabisa.

"Haitengenezeki, bibi," alisema Mkwe, akilitazama beseni. "Lenzi ndiyo mashine. Lenzi ikienda, hata ukirudisha kiwandani watakwambia nunua nyingine."

"Imekwendaje?"

"Kemikali."

"Kemikali gani?"

"Za... kazi."

"Thina," alisema Fundi. Ndilo neno pekee alilolisema katika kikao kile mpaka hapo.

Mama akatoa mguu mmoja kwenye maji, akaupangusa polepole. "Nani alitia thina?"

Masikio ya Mkwe yalikuwa yamebadilika rangi. Wifi alisema, "Si hoja ni nani, Mama, hoja ni kwamba mashine ya kaka—"

"Mashine ya kaka yako imekufa. Sasa mnagombea nini? Maiti?" Mama alitoa mguu wa pili. "Nimewazika mume na mtoto, sijawahi kuona watu wanapigania maiti ipelekwe kwa nani. Anayeutaka mzoga huo aseme."

"Mimi mzoga wa nini? Wa kuwekea maua?" Wifi alisema. "Achukue takataka yake. Ila chumba anipe. Mwisho wa wiki awe ametoka."

"Umesikia?" Mama alimuuliza mjane.

"Nimesikia, Mama. Nitatoka. Lakini iandikwe."

"Kuandika nini tena?" Wifi alicheka. "Unaogopa nitakuibia chuma?"

"Iandikwe," alisema Mama, "maana nyinyi nawajua. Kesho kutwa mtaniamsha tena."

Basi Wifi, mwenye duka la karatasi, akachomoa karatasi na kalamu kwenye mkoba wake akaandika kwa mkono wake mzuri wa kikarani. Hadubini moja, mbovu, isiyotengenezeka, imekabidhiwa moja kwa moja kwa mjane wa marehemu, na haitadaiwa na mtu yeyote wa ukoo. Mama akatia sahihi, Wifi akatia sahihi, Mkwe akatia sahihi kama shahidi huku kalamu ikimteleza. Jumatatu Wifi alitoa nakala mbili kwenye mashine yake, akamtupia Fundi moja juu ya ubao.

"Na foronya pia chukua," alisema.

Fundi hakuwa na furaha aliyoitegemea. Alikuwa amekaa kimya mbele ya mwanamke aliyempikia wali siku ya harusi yake, akamwacha aamini jambo lisilo kweli. Usiku wa Jumamosi ile alilala vibaya, na Jumapili hakumpigia Mama simu kama alivyozoea. Lakini alipofikiria kuupiga mguu kurudi na kulisema, alijua hatakwenda, na hakujidanganya kwamba kuna kitu kilichomzuia.

Hakwenda mbali. Mshonaji alikuwa na kona alimokuwa akitupia vipande vya vitambaa.

"Ina mende wawili," alisema. "Ukiwavumilia, nao watakuvumilia. Sharti moja: usinisahihishie rangi za nyuzi."

"Na mimi sharti moja. Nikinyoosha kidole, simamisha cherehani."

"Wewe na kutikiswa. Hata ukiolewa tena utamwambia mwanamume asipumue."

Aliihamisha mwenyewe, mkono mmoja kwenye shingo ya mashine, mwingine chini ya kitako, hatua tano kukatiza korido, huku Wifi akitazama kutoka nyuma ya kaunta yake na kujipepea kwa bahasha. Aliiweka juu ya meza, kwenye sakafu ya saruji, akavua foronya. Hakungoja mtu aondoke. Akaishika ile pete nyeupe, mizunguko mitatu, akaitupa kwenye pipa la Mshonaji, kisha akachomoa mpya kutoka kwenye pakiti na kuifunga. Akapuliza, akatazama, miduara ikaungana. Mshonaji alilitazama pipa, akamtazama yeye, kisha akatupia vipande vya vitambaa juu ya ile pete.

Siku mbili alifanya kazi. Wateja wa zamani walimfuata ng'ambo ya korido kama maji yanavyofuata mteremko. Siku ya pili asubuhi Mkwe alipita kurudisha futi. Alisimama, akaiona ile ncha ya kulehemu ikishuka na kuinuka chini ya kioo kisicho na doa, akamwona Fundi, macho yote mawili kwenye mashine, akitabasamu kidogo kwa kazi iliyokubali. Akaweka futi juu ya cherehani na kutoka bila kuaga. Kupitia kwenye milango miwili iliyo wazi Fundi alimwona akiinama kwenye kaunta na kunong'ona.

Mashine ya fotokopi, iliyokuwa ikifanya kazi, ikasimama.

Wifi alikuja taratibu. Hakuingia, alisimama kizingitini, mkono kwenye fremu ya mlango, ile karatasi yenye sahihi tatu ikichungulia kwenye mfuko wa gauni lake. Mshonaji aliuondoa mguu wake kwenye pedali. Fundi alikuwa na simu ya nesi mmoja chini ya kioo na chipu nusu imelehemiwa. Hakuweza kuinua mkono mpaka lehemu igande, na hakuwa na haraka ya kuuinua. Aliendelea kutazama ndani, ingawa sasa alimwona Wifi kuliko alivyoiona chipu.

Miaka yote ile Wifi alikuwa amemwambia mengi. Alimwambia afanye nini, akae wapi, yeye ni nani na hakuwa nani. Kumuuliza, hakuwahi. Na jibu rahisi lilikuwepo, limekaa tayari: nimenunua lenzi nyingine. Maneno matatu. Mkwe angetaka kuliamini, Mama asingesumbuliwa, na hakuna ambaye angekwenda kupekua pipa la mshonaji.

"Siku ile pale kwa Mama," Wifi alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo kuliko alivyokusudia, "ulikuwa unajua haijaharibika?"

Lehemu iliganda. Fundi aliinua ncha, akaiweka kwenye kishikio chake, akainua uso.

"Nilijua, wifi. Tangu Jumatatu asubuhi."